Nyasi za St. Andrews Zinapoamka

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajapata kushika fimbo ya gofu, wala mimi sijapata. Hata hivyo nataka kuwaeleza habari za kiwanja kimoja cha mchezo huo nilichokiona kwa macho yangu mwezi wa Aprili, nilipokuwa Scotland kwa mafunzo ya utunzaji wa majalada ya ofisi.

Ijumaa jioni nilipanda gari la moshi mjini Edinburgh, tukavuka lile daraja kubwa la chuma la Forth lililofunguliwa mwaka 1890, nikashuka Leuchars na kupanda basi hadi St. Andrews. Mji wenyewe ni mdogo, wa mawe ya kijivu, na upepo wa bahari humpiga mtu usoni bila heshima. Kiwanja cha kale, waitacho Old Course, kinaanzia mjini hasa. Watu wamecheza gofu mahali hapo kwa zaidi ya miaka 500. Na mwaka 1457 Bunge la Scotland liliukataza mchezo huo, maana vijana waliacha mazoezi ya upinde kwa ajili yake.

Jumamosi alfajiri niliamka nikashuka kiwanjani. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, kama tuuonavyo mara chache kule Kinangop. Nilipotaka kuiacha njia ili nikaone kijito cha Swilcan, mzee mmoja mwenye kofia, mfanyakazi wa hapo, aliniinulia mkono.

“Bwana, tafadhali usikanyage hapo. Jani likiganda huvunjika kama kioo, na baada ya siku mbili nyayo zako zitaonekana nyeusi.”

Niliona haya, nikarudi njiani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba wachezaji wenyewe walikuwa wamesimama kando na mikoba yao, wakitazama saa. Baadhi yao walikuwa wamesafiri kwa ndege kutoka ng’ambo, na bila shaka walilipa fedha nyingi. Lakini hakuna aliyethubutu kuingia mpaka jua liiyeyushe sakitu ile. Watu walikuwa wakizingoja nyasi!

Mzee yule alipoona kwamba nina hamu ya kujua, alinieleza kazi yao. Wakati wa baridi nyasi hulala, na jeraha la fimbo haliponi. Kwa hiyo kwa desturi, toka Novemba hadi Machi, kila mchezaji huchukua kijizulia cha nyasi za bandia na kuupigia mpira juu yake. Aprili vizulia huwekwa, na hapo ndipo taabu huanza, kwa kuwa wachezaji huamka kabla ya nyasi. Udongo usipopata joto la nyuzi 6 hivi, mizizi haifanyi kazi, hata jua liwake namna gani. Mwenye pupa akikata chini mno majuma hayo, atakuwa na vipara hadi katikati ya mwaka. Wao hukata kidogo kidogo, hutoboa udongo ili upumue, hupanda mbegu palipochakaa, na kunyunyiza mchanga mwembamba, kisha huusugua upotelee kati ya majani.

Kuna pia bunka, yaani yale mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji. Kiwanja hiki kina bunka nyingi, na kuta zake hujengwa kwa mapande ya nyasi yaliyopangwa moja juu ya jingine kama matofali. Kuta hizo hazidumu miaka mingi; hubomolewa na kujengwa upya wakati wa baridi, na zikifika siku za kuchipua zinahitaji kuangaliwa kama mtoto aliyetoka kuugua.

Mzee alinionyesha shimo la 18, lenye jina la Tom Morris. Huyu aliyafunga mashindano makuu ya Open mara 4, lakini pia alikuwa mtunza nyasi wa mahali hapo tangu miaka ya 1860 hadi mwaka 1903. Ndiye aliyesisitiza mchanga unyunyizwe, na ndiye aliyeshikilia kwamba kiwanja kipumzike Jumapili, hata kama wachezaji hawahitaji kupumzika.

Wasomaji, hapo nilinyamaza. Baba yangu alikata nyasi katika kiwanja kimoja cha gofu hapa kwetu kwa miaka 31. Alitoka nyumbani saa kumi usiku, akarudi viatu vimelowa. Nilipokuwa shule ya misheni na wenzangu wakiniuliza kazi ya baba, nilijibu kwamba yeye ni “mtu wa kampuni.” Karo yangu yote ilitoka katika nyasi zile, na sikupata kumwuliza hata swali moja juu yake.

Jumapili kiwanja kilikuwa kimefungwa kwa wachezaji, nacho kilikuwa wazi kwa kila mtu, maana ardhi ile ni ya umma. Akina mama walisukuma vigari vya watoto, mbwa walikimbia, nami nilipita katikati bila kuulizwa. Nilikaa karibu na daraja dogo la mawe nikampigia baba simu. Nilimweleza habari za sakitu na mchanga. Alisikiliza kimya, kisha akacheka aliposikia kwamba wao hupanda mbegu; kwake taabu ilikuwa kuyazuia majani ya Kikuyu, yale ya nyanda zetu za juu ambayo siku hizi yameenea hata Australia, yasiingie penye shimo.

“Na mchanga wao,” akauliza, “wanauchekecha kwanza, au wanaumwaga hivi hivi?”

Sikujua. Nilikwenda kumtafuta yule mzee nimwulize, lakini siku ile sikumkuta.