Weka Wimbo Katika Muktadha Wake

Kila mwalimu wa fasihi huwapa wanafunzi wake swali hili: "Weka dondoo hili katika muktadha wake." Mwanafunzi hueleza maneno yalisemwa na nani, kwa nani, wapi na kwa nini. Leo nakuomba tuutendee vivyo hivyo wimbo mmoja wa panki, kwa kuwa raia naye anaihitaji stadi hiyo nje ya darasa.

Wimbo huo ni "White Riot" wa bendi ya The Clash ya Uingereza, uliotolewa Machi 1977. Jina lake lina maana ya ghasia za weupe. Ukilisikia jina peke yake, utadhani weupe wanahimizwa kuwashambulia weusi. Wapo waliodhani hivyo, na wabaguzi miongoni mwao wakafurahi. Usilolijua ni usiku wa kiza.

Wapi? Ni Notting Hill, magharibi mwa London, walikokaa wahamiaji wengi kutoka visiwa vya Karibi. Mwaka 1958 walishambuliwa na vijana weupe. Mwaka 1959 Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, aliuawa kwa kisu. Watoto wao walipokua, polisi waliwakamata kwa kutumia sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, ambayo iliruhusu mtu kutiwa mbaroni kwa kushukiwa tu. Agosti 30, 1976, polisi wapatao 3,000 walipelekwa kwenye kanivali ya mtaa huo. Walipojaribu kumkamata mtu aliyeshukiwa kuwa mchomozi, subira ikakatika. Matofali yakarushwa, na askari zaidi ya 100 wakapelekwa hospitalini.

Nani? Joe Strummer na Paul Simonon wa The Clash, vijana weupe waliokuwapo siku hiyo. Kwa nani? Kwa weupe wenzao. Kwa nini? Kuwauliza: weusi wamekataa kuonewa, ninyi mbona mmenyamaza? Wimbo unailaumu hata shule kwa kufundisha utii pasipo fikra. Nami, mwenye stashahada ya ualimu, shutuma hiyo siwezi kuipita kana kwamba sikuisikia.

Matofali siyaungi mkono. Tofali halichagui kichwa. Ila haitoshi kumlaani aliyelirusha bila kuuliza alikuwa amebisha milango mingapi. Akina mama weusi wa London, Mavis Best miongoni mwao, waliibisha milango hiyo kwa miaka. Waliipinga sheria ile kwa kampeni, na mwaka 1981, mwaka ambao ghasia zilizuka tena, huko Brixton, kifungu chake cha kuwakamata watu kwa kushukiwa kikafutwa.

The Clash nao waliondoa shaka. Aprili 30, 1978, maelfu ya watu waliandamana kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park kupinga ubaguzi wa rangi, na bendi hiyo ikawatumbuiza.

Msomaji wangu, vijana wa mtaani kwako pia wanaimba. Baadhi ya nyimbo zao zitakukera kwa jina tu. Kabla hujadai zipigwe marufuku, jiulize maswali yale manne. Huenda ukabaki na hasira yako, na hiyo ni haki yako. Lakini utakuwa umemsikiliza raia mwenzako kwanza.