Filme ya Woga na Asubuhi Yake

Ninyi vijana mnapenda filme za kutisha, na ninyi wazazi mnazikataza. Mimi nilikuwa upande wa wazazi. Lakini majuzi hapa Katindo, kijana wangu alileta moja ya zamani katika mashini yake, nikakaa karibu naye niangalie mpaka mwisho. Nataka niwaelezee nilichoona.

Jina lake ni Night of the Living Dead, yaani usiku wa wafu wanaotembea. George Romero aliitengeneza huko Pennsylvania, Marekani, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1968. Haina rangi. Feza waliyotumia ilipita dola 100,000 kidogo tu, na damu unayoiona ni maji ya shokola.

Wafu wanafufuka na kula watu. Watu saba wanajifungia ndani ya nyumba moja ya shamba. Mkubwa wao kwa akili ni Ben, mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Ben anapigilia mbao kwenye madirisha. Bwana mwingine, Harry, anataka wote washuke katika chumba cha chini. Wanabishana, wanagombana, mpaka wanapigania bunduki. Wafu wako inje, lakini nyumba imekwisha kuvunjika kutoka ndani.

Sisi wa Goma hatuhitaji filme ili tujue woga. Tuliona moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Tulisikia masasi mwishoni mwa Januari 2025. Basi wale wafu hawakunitisha sana. Kilichonitisha ni asubuhi.

Usiku umepita, Ben peke yake ndiye anabaki muzima. Anasikia watu wanakuja na bunduki kusafisha mahali, anasogea dirishani. Wao wanaona kichwa tu. Hawamuiti, hawamuulizi jina. Risasi moja, basi. Kisha wanamvuta kwa vyuma vya ndoano na kumtupa motoni pamoja na wale wafu.

Mtoto wangu mdogo akasema: "Papa, juu ya nini bamemuua? Ye alikuwa mutu!"

Nilikaa kimya, sababu jibu lake liko kwetu pia. Nani kati yenu hajasikia, kule kwenye machimbo ama sokoni, mtu mmoja akipiga kelele "mwizi!" ama "muchawi!"? Mawe yanafika mbele ya swali. Katika vijiji vya Kivu mama wazee wameuawa hivyo, kwa neno la mtu mmoja tu. Waliowaua hawakuwa wanyama. Walikuwa majirani wenye woga, na kila mmoja aliamini anaokoa kijiji chake.

Sisemi kila filme ni nzuri, hapana. Iko mingi ya bure, na mtoto mdogo asiachwe peke yake mbele yake. Lakini wewe mzazi, ukikuta vijana wanaangalia, usizime tu. Kaa nao, kisha waulize: nani alikufa bila kosa, na nani alimuua?

Na wewe kijana, siku utasikia umati unakimbia na mawe, simama kwanza. Uliza jina la yule mtu. Pengine ni Ben.