Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi

Msafiri aondokaye Kampala jioni kwa basi hufika Nairobi asubuhi, macho yamejaa usingizi na miguu imevimba kwa kukaa. Hushushwa katika mitaa iliyojaa watu, mikokoteni na wachukuzi wanaogombea mizigo, na jambo la kwanza alitakalo ni mahali pa kukaa tu. Kwa mtu mwenye fedha hilo si jambo gumu, kwani mikahawa ni mingi. Lakini afisa mdogo wa serikali aliyehesabu kila shilingi kwa ajili ya matibabu hujifunza upesi kwamba katika mji mkubwa hata kiti kina bei yake.

Hali hiyo ndiyo iliyonikuta nilipompeleka mke wangu Nairobi kupasuliwa jicho. Hospitali ilimpokea asubuhi, nami nikaambiwa nirudi saa kumi alasiri. Katika mkahawa wa kwanza nilikunywa chai moja kwa muda wa saa nzima, mpaka kijana mwenye kuhudumu akaja mara ya tatu kuniuliza kama nitaongeza kitu. Nikaona haya, nikatoka. Nilitembea bila kujua niendako, nikavuka Barabara ya Moi, ile ambayo zamani za wakoloni iliitwa Government Road, na mbele yangu nikaona miti, nyasi na mabenchi. Hapakuwa na aliyeniuliza nanunua nini.

Hiyo ndiyo Bustani ya Jeevanjee. Si kubwa, eneo lake ni yapata ekari tano tu, na mtu mwenye haraka aweza kuikata kwa dakika chache kutoka pembe moja hadi nyingine. Majina ya njia zinazoizunguka ni somo zima la historia. Upande mmoja ni Barabara ya Moi. Upande wa pili ni Mtaa wa Muindi Mbingu, aliyewaongoza maelfu ya Wakamba mwaka 1938 kutembea hadi Nairobi kupinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuwapunguzia ng'ombe wao kwa nguvu. Wa tatu ni Mtaa wa Moktar Daddah, rais wa kwanza wa Mauritania, na wa nne umepewa jina la Monrovia, mji mkuu wa Liberia. Mwalimu wa darasa la sita akiwaleta wanafunzi wake hapa hana haja ya ramani ukutani.

Lakini Jeevanjee mwenyewe alikuwa nani? Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika jamii ya Mabohora. Alifanya biashara hadi Australia kabla ya kuja Mombasa mwaka 1890. Bahati yake kubwa ilikuwa reli, ile iliyoitwa Reli ya Uganda ingawa sehemu yake kubwa imepita katika nchi ya Kenya. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ukafika Kisumu, kando ya ziwa. Kampala haikufikiwa mpaka mwaka 1931. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Watu wengi namna hiyo walihitaji chakula, na mawe na udongo vilihitaji mtu wa kuvichimba na kuvichukua. Jeevanjee alikuwa mmoja wa makontrakta waliotajirika kwa kazi hizo.

Nairobi ilipoanza kuwa mji, yeye alijenga nyumba na soko. Mwaka 1902 alianzisha gazeti la African Standard huko Mombasa, ambalo baada ya miaka michache aliliuza kwa Wazungu, na ambalo mpaka leo lipo kwa jina la The Standard. Alikuwa Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni hilo. Hata hivyo hakunyamaza. Alikwenda mpaka London kulalamika kwamba watu wasio Wazungu walikuwa wakizuiwa ardhi nzuri ya nyanda za juu na kubaguliwa katika mji waliousaidia kuujenga. Mzee huyo alifariki mwaka 1936, na utajiri wake mwingi ulikuwa umekwisha kumponyoka. Kilichobaki na jina lake, ambacho kila mtu wa Nairobi anakijua, ni kile alichokitoa bure.

Bustani aliikabidhi kwa wakazi wa mji mwaka 1906, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza, iliyofunuliwa mwaka huo huo na mwanawe Malkia, Mtawala wa Connaught. Nakiri kwamba nilikuwa nikiitarajia sanamu ya kutisha, kama zile tulizoziona katika vitabu vya shule. Nilikuta kitu kidogo juu ya nguzo, na tena kimeharibiwa, kwa maana mwaka 2015 watu wasiojulikana waliivunja. Sanamu ya Jeevanjee mwenyewe imo pia bustanini, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili zaidi kutazamwa.

Nilikuwa nimekaa karibu na mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, anasoma gazeti la jana. Tulisalimiana. Aliposikia Kiswahili changu akatabasamu.

"Wewe umetoka Uganda," akasema.

"Ndiyo, mzee. Namsubiri mgonjwa."

"Basi kaa. Hapa wengi wanasubiri kitu."

Ndiye aliyenisimulia jinsi bustani ilivyokaribia kupotea, na baadaye nilithibitisha habari hiyo katika maandishi. Mwaka 1991 waliokuwa wakiuendesha mji walikuja na mpango wa kuijenga: maduka, na maegesho ya magari ya ghorofa kadhaa. Waliahidi kwamba nyasi zingerudishwa juu ya paa la majengo hayo. Mpango ulipotangazwa, mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, alisimama kuupinga. Alikumbusha kwamba ardhi ile ilitolewa kwa ajili ya watu wa kawaida kupumzika, wala haikuwa mali ya baraza la mji kuiuza au kuikodisha. Wangari Maathai alimwunga mkono, yule ambaye miaka miwili kabla, mwaka 1989, alikuwa amepinga kujengwa kwa jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, akatukanwa hadharani kwa ajili hiyo, na jumba lisijengwe. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wa Nairobi nao walilalamika kwa wingi, na mpango wa Jeevanjee ukaachwa.

Nilimwuliza mzee kama yeye alikuwapo siku zile.

"Nilikuwa tarishi katika ofisi ile pale," akasema akinyosha kidole upande wa Barabara ya Moi. "Chakula changu cha mchana nilikuwa nikikilia kwenye benchi hili. Muhogo na chumvi. Wangejenga, ningelia wapi? Ngazini?"

Sikuwa na jibu. Sisi tunaotoka miji mingine tunajua kiwanja kinavyoondoka: kwanza uzio wa mabati, kisha mlinzi, kisha shimo la msingi, na watu wakizinduka wakakuta jengo limefika ghorofa ya tatu.

Kufikia saa sita mchana bustani ilijaa. Makarani walikuja na chakula chao katika mifuko, wapiga picha wakazunguka na kamera shingoni, na chini ya mti mmoja mhubiri akaanza kuwaita watu watubu kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Hatua chache kutoka kwake palikuwa na duara la wanaume wamesimama wakijadili bei ya unga, uchaguzi na mambo ya dunia. Hilo hujiita Bunge la Mwananchi. Lina taratibu zake, na anayeropoka hunyamazishwa na wenzake. Kuna miaka ambayo mikutano hiyo ilitawanywa na watu kukamatwa. Siku niliyokuwapo askari wawili wa doria walipita, wakasimama kidogo kusikiliza, mmoja akacheka kwa hoja fulani, wakaendelea na safari yao. Nililipenda jambo hilo kuliko sanamu zote mbili.

Kwa ndugu watakaopita Nairobi pamoja na familia zao, bustani ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka mitaa ya mabasi. Ukitoka upande wa Muindi Mbingu, Soko la Jiji halipo mbali, na Mtaa wa Biashara, wenye maduka ya vitambaa na khanga, upo jirani. Kina mama hawatanisamehe nisipoutaja. Msikiti wa Jamia nao u karibu, na minara yake yafaa kutazamwa hata na asiyekwenda kusali. Mikoba na simu mzishike vizuri, kwani katika watu wengi hivyo hawakosi wenye vidole vyepesi. Nyasi hukanyagwa na kila mtu, kwa hiyo katika kiangazi kuna sehemu zilizobaki vumbi tupu, na vyoo si vya kusifia. Msije mkitarajia mabustani ya kwenye kalenda.

Saa kumi kasorobo niliinuka. Mzee alikuwa amesinzia, gazeti juu ya magoti yake. Nilinunua njugu za shilingi ishirini kwa mama aliyekuwa akiziuza langoni, nusu yangu na nusu ya mke wangu. Nilipogeuka, msichana mwenye bahasha kubwa ya kahawia ya vyeti alikuwa amekwisha keti mahali pangu, akivua viatu ili aipumzishe miguu.