Meza ya Majirani Katika Kisiwa cha Krete

Jina la Krete si geni masikioni penu. Ndicho kisiwa alichokipita Mtume Paulo kwa merikebu katika safari yake ya Rumi, na ndiko alikomwacha Tito. Lakini watu wa huko hula nini, na hula pamoja na nani? Hayo twapenda kuwasimulia kama tulivyoyaona mwezi wa Novemba, tulipokaa katika kijiji kidogo cha kisiwa hicho cha Ugiriki, mbavuni mwa mlima Psiloritis, ambao kilele chake chafika meta 2,456.

Bahari huonekana kwa mbali, lakini wenyeji wetu si wavuvi. Mali yao ni mizeituni. Asubuhi na mapema hushuka shambani, hutandika nyavu chini ya miti, kisha hupiga matawi kwa fimbo ndefu, hata zeituni zikaanguka kama mvua. (Siku hizi wengi wana fimbo za mashine, zenye kelele ya kuchosha.) Zamani majirani walivuniana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Sasa vijana wengi wamekwenda Heraklion na Athene, hata Ujerumani, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na vibarua, wengi wao Waalbania. Hao nao huketi mezani pamoja na wenye shamba, jambo lililotupendeza sana.

Jioni magunia hupelekwa kinuni, na mwenye kinu hutwaa sehemu ya mafuta kuwa ujira wake. Huko tulionjeshwa mafuta mapya. Walichoma mkate juu ya makaa, wakaumiminia mafuta yenye rangi ya majani mabichi, wakanyunyiza chumvi. Yakatuwasha kooni tukakohoa, na wazee wakacheka, wakisema kwamba mafuta yasiyokohoza si mafuta.

Wakristo wa huko ni wa Kanisa la Kiorthodoksi, na tangu tarehe 15 Novemba huanza mfungo wa siku 40 kabla ya Krismasi. Wenye kuushika hawali nyama, wala maziwa, wala mayai. Msidhani kwamba meza ilikuwa tupu. Palikuwa na dengu, na zeituni, na mboga za porini zilizochemshwa, zikatiwa mafuta na ndimu. Mboga hizo hazipandwi. Akina mama huzichuma kando ya njia, kila mmoja na kisu chake, nao huzijua kwa majina kama tunavyojua mchicha na mnavu. Mkate wao wa shayiri huokwa mara mbili hata ukawa mgumu kama kigae, kisha hulowekwa kidogo kwa maji. Na mvua ikinyesha, watu hutoka na ndoo kuokota konokono, wakawakaanga kwa chumvi na siki. Tulisita kidogo, kisha tukala. Wana ladha njema, ingawa hatukuomba tena.

Mwezi huo ndipo pia wanapopika makapi ya zabibu katika chungu cha shaba, wapate kinywaji chao kikali kiitwacho tsikoudia. Kijiji chote hukusanyika motoni, na viazi huchomwa majivuni. Tulipoletewa vigloasi vyao tuliweka mkono kifuani tukakataa kwa adabu. Mwenyeji hakukunja uso. Alituchemshia chai ya majani ya milimani. Kwa Kigiriki, neno xenos humaanisha mgeni na pia mtu usiyemjua. Tuliona jinsi maana hizo mbili zinavyokaa katika nyumba moja.

Chakula hiki kimepata sifa kubwa ulimwenguni. Mwaka 1948, baada ya vita, Shirika la Rockefeller la Marekani lilituma watu kuchunguza maisha ya Wakrete, na baadaye madaktari wakastaajabia afya ya wazee waliokula mboga na mafuta. Mwaka 2010 UNESCO iliandika mapishi ya nchi za bahari hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu, na kula pamoja kukatajwa humo. Lakini wakati ule wa 1948 watu wenyewe walitamani nyama. Kilichokuwa chakula cha umaskini leo huuzwa kwa bei kubwa mijini, na kijijini walaji wapungua.

Katika kichochoro tulichokaa, milango mingi ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Nyumba ya mwisho alikaa bibi mmoja mjane, ambaye watoto wake wote wako mbali. Kila adhuhuri mwenyeji wetu alimpelekea sahani iliyofunikwa kitambaa. Kama mjuavyo ninyi wa pwani, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Basi ilirudi na ndimu mbili, au jozi chache, au kishada cha majani ya chai.

Siku moja mtoto alirudi na sahani, nayo haikuwa na kitu. Mwenyeji wetu aliitazama, akaacha mwiko sufuriani, akatoka bila kuvua aproni. Alimkuta bibi kitandani ana homa kali, wala hakuwa amemwambia mtu. Daktari aliitwa kutoka kijiji cha bondeni, na majirani walilala kwake kwa zamu usiku tatu. Siku ya tano sahani ilirudi na ndimu moja.