Makosa yaliyokaa kimya

Najua nimepotea humu wiki nzima, msinilaumu. Nilikuwa nahangaika na programu ya kikoba cha mama.

Kaka yangu alipokuwa chuo, mwaka 2004, aliandika kiprogramu cha kutunza akiba za kikoba kwa Turbo C++, kwenye DOS. Mwezi uliopita kompyuta ya nyumbani ikafa. Kwenye diski nikaokoa vitu viwili tu: msimbo na faili la data. Mama akapiga simu: "Mwanangu, Jumamosi tunavunja kikoba, na daftari letu limelowa mvua. Si ndiyo mambo unayosomea hayo?" Ungejibu nini hapo? Nikasema ndiyo mama.

Basi nikaingiza msimbo kwenye laptopu yangu, Ubuntu ya biti 64. Kompaila ikagoma mstari wa kwanza: haiijui iostream.h. Nikaondoa ile .h. Ikagoma tena: conio.h haipo, maana ile ni ya DOS. Nikafuta, pamoja na clrscr na getch zake. Halafu void main, nayo haitaki, lazima iwe int. Mwisho cout zote zikalalamika mpaka nilipoweka std. Saa saba usiku, kosa hata moja halijabaki. Jamani, nilicheza peke yangu chumbani!

Nikafungua faili la data. Mama ni mwanachama namba 1. Programu ikasema yeye ni namba bilioni mbili na kitu, na jina lake limekatwa herufi mbili za mwanzo. Kikoba kina watu 31, mimi naona 25. Akina mama sita wamepotea na akiba zao, na kompaila imenyamaza kimya!

Nilikaa siku mbili. Kilichoniokoa ni ukubwa wa faili: baiti 806. Gawanya kwa 31, unapata 26 kamili. Kumbe kwa Turbo C++ int ni baiti 2 na long ni 4. Jumlisha jina la herufi 20, ndiyo hiyo 26. Kwangu int ni 4 na long ni 8, kwa hiyo kila rekodi ilikuwa inameza baiti 32. Namba ya mama ilikuwa imekula herufi za jina lake mwenyewe!

Nikabadilisha kuwa int16_t na int32_t. Ikaja 28, bado. GCC ilikuwa inajaza baiti 2 za nafasi kabla ya akiba. Nikaweka packed, ikatulia kwenye 26. Watu wote 31 wakarudi.

Sikuamini haraka. Nikampigia mama: "Shikamoo mama. Kitabu chako kinasema una akiba kiasi gani?" Akasema 412,000. Kwenye skrini: 412000. Nikamwomba awaulize wenzake watano. Wote sawasawa.

Tangu hapo kompaila ikinitukana siichukii tena. Inayonitisha ni ile isiyosema kitu, maana bila mama kuwa namba 1 ningepeleka orodha ya watu 25 Jumamosi, tena kwa kujiamini.

Haya, kesho nina testi saa mbili asubuhi na desa sijagusa. Mniombee nisipate supu!