Haki bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ya jiji la New York inaonyesha kwamba haki nayo ni mali ya namna hiyo. Februari 1999, Amadou Diallo, mhamiaji wa miaka 23 kutoka Guinea, alikuwa mlangoni pa jengo alimoishi mtaani Bronx. Askari wanne waliovaa kiraia walimshuku. Alipotoa pochi mfukoni wakadhani ni bastola, wakafyatua risasi 41. Hakuwa na silaha yoyote. Mwaka uliofuata mahakama iliwaachia wote wanne. Watu waliandamana, na hasira ilikuwa ya haki, lakini hasira hupoa. Kilichodumu ni kesi ya madai iliyofunguliwa mwaka uleule wa 1999. Ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2003, na jiji likalazimika kuwapa mawakili wa wananchi takwimu za watu wanaosimamishwa na polisi barabarani.

Takwimu hizo zilisema yale ambayo mtu mmoja akiyasema huambiwa anazua. Kati ya Januari 2004 na Juni 2012 polisi walisimamisha watu mara milioni 4.4. Kila mara askari alitakiwa kujaza fomu, na mara nyingi alitia alama kwenye kisanduku cha “mienendo ya kujifichaficha”, maneno yanayoweza kumnasa yeyote anayetembea. Zaidi ya asilimia 80 ya waliosimamishwa walikuwa weusi au Walatino, ilhali wao ni takriban nusu ya wakazi. Asilimia 88 waliachwa waende zao bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Agosti 2013, katika kesi nyingine, Jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba jiji limevunja katiba.

Wapo wanaodai kuwa polisi hufuata uhalifu, hawafuati rangi. Kama shaka ya polisi ingekuwa na msingi, silaha zingepatikana zaidi kwa wale walioshukiwa zaidi. Kumbe zilipatikana kwa asilimia 1.0 ya weusi waliosimamishwa, na asilimia 1.4 ya weupe. Wengine walionya kwamba upekuzi ukipungua, damu itamwagika. Mwaka 2011 watu walisimamishwa zaidi ya mara 685,000, na mauaji yakapita 500. Mwaka 2018 polisi waliandika kiasi cha mara 11,000 tu, na mauaji hayakufika 300. Sidai kwamba jambo moja lilileta jingine, ila balaa lililotabiriwa halikutokea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba askari anaweza kumsimamisha mtu asijaze fomu. Ni kweli, na msimamizi aliyewekwa na mahakama amelieleza hilo katika ripoti zake. Ndiyo maana daftari la polisi halitoshi bila la raia. Tangu 2018 sheria ya jiji inamtaka askari, baada ya upekuzi usioishia kwa kukamata, atoe kadi yenye jina, cheo na namba yake. Sheria ya jimbo ya 2020 inalinda haki ya raia kuwarekodi polisi kazini, mradi asiwazuie. Lakini kadi ikitupwa na video ikafutwa, sheria hizo ni karatasi tu.

Haya hayako mbali na nyumbani. Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika msako wa Eastleigh, Nairobi, na baadhi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Sura na jina viligeuka shtaka. Basi mtu akishikwa mbele yenu kwa sababu ya sura yake, andikeni saa, mahali, namba ya askari na maneno yaliyotamkwa, kisha muwe tayari kusimama kizimbani kutoa ushahidi. Yeye hawezi kuandika, mikono yake iko ukutani. Kalamu iko kwetu tuliosimama kando.