Kipendwacho Kikae Kivulini



Litazameni bango lililokaa muda mrefu kwenye dirisha la kinyozi linalopigwa na jua. Nyuso zilizokuwa na rangi za kupendeza sasa zimebaki na ubuluu. Katika wino wa kuchapia, wekundu na unjano kwa kawaida hutangulia kufifia, buluu ikasalia.

Nimelitafakari jambo hili tangu mama mmoja wa jumuiya aliponiletea ofisini kadi 3 za wachezaji wa kandanda, zile ambazo vijana hukusanya na kubadilishana. Zilikuwa za marehemu mwanawe, na mojawapo ina sahihi ya mchezaji. Alitaka kuzitia fremu na kuzitundika sebuleni, mkabala na dirisha. Nilipomwambia kuwa zitapauka, aliniuliza: “Baba, nikizificha sandukuni, si nitakuwa nimemzika mara ya pili?”

Swali hilo lina uchungu wake, na karatasi nayo ina kanuni zake. Madhara ya mwanga hujilimbikiza siku hadi siku, na rangi iliyopotea hairudi. Jua kali la mchana huweza kufikia luksi 100,000, ilhali wahifadhi wa makumbusho huonyesha karatasi dhaifu kwa luksi 50 hivi. Kwa hesabu hiyo, saa 1 juani hulingana na saa 2,000 katika chumba cha maonyesho. Kioo kinachochuja mionzi ya urujuanimno husaidia, lakini hakitoshi, kwa kuwa hata mwanga tunaouona kwa macho hupausha. Sahihi ya kalamu huweza kutoweka mapema zaidi.

Mmarekani Jefferson Burdick alikusanya vipande vya karatasi zaidi ya 300,000, zikiwemo kadi za besiboli zaidi ya 30,000. Alianza kuvikabidhi kwa Metropolitan Museum of Art ya New York mwaka 1947, akavipanga humo kwa mikono yake iliyoteswa na baridi yabisi, hadi karibu na kifo chake mwaka 1963. Makumbusho hayo hayazianiki kadi zote, wala hayakuzifungia daima. Huonyesha chache kwa zamu, kisha huzipumzisha gizani.

Basi tukakubaliana na yule mama: kadi zipigwe picha, na nakala ndizo zitundikwe ukutani. Zenyewe zitiwe katika mifuko ya plastiki isiyo ya PVC, ndani ya boksi, kabatini, mbali na unyevu na joto la bati. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kijana huyo, familia itazitoa, itazishika, itamsimulia, kisha itazirudisha.

Mama yule hakumzika mwanawe mara ya pili. Amewawekea wadogo zake, na watoto watakaozaliwa, zamu yao ya kuiona sahihi ile ikiwa ingali inasomeka.

Nawatakieni juma jema.